Kifua kimepona, mbona figo na moyo vinalalamika?

"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 47, ananunua dagaa visiwani Ukerewe na kuuza hapa mwaloni Kirumba. Mwezi wa sita aliugua mafua makali, homa na kikohozi, akalazwa siku sita kwa oksijeni, wakampima wakasema ni korona. Akatoka, kifua kikapona kabisa. Sasa ni mwezi wa kumi. Akipanda kwetu Bugarika kwenye yale mawe anasimama mara tatu, moyo unamdunda. Jioni miguu inavimba. Usiku anaamka kukojoa mara nne au tano. Juzi alikosea hesabu ya ndoo za dagaa mbele ya wateja, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Tulienda kupima: presha 158/96, sukari 11.4 kabla hajala, kreatinini 148, wakasema figo imeguswa kidogo. Anatumia diklofenaki kwa maumivu ya mwili, na vile vidonge vidogo alivyotoka navyo hospitali tunaendelea kununua duka la dawa kwa sababu vinampa nguvu na hamu ya kula. Kwenye kibahasha wameandika Dexa 2×2. Ndugu zake wanasema virusi vimebaki kwenye damu, asafishwe damu. Wengine wanasema ni chanjo aliyochoma zamani, na wapo wanaosema amefanyiwa jambo na wenzake wa biashara. Mimi nauliza: ugonjwa wa mapafu unafikaje kwenye moyo, figo na sukari?"

Marahaba, dada yangu. Kabla ya maelezo yoyote, mambo mawili ya leo leo. Diklofenaki aiache, tena aiache sasa hivi. Ile Dexa asiiache ghafla, hata ukimaliza kusoma hapa ukatamani kuitupa chooni. Sababu zote mbili zinakuja.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia hofu yako: kwamba ugonjwa mliodhani umeondoka ulijificha tu, na sasa unamla mumeo kiungo kimoja kimoja. Mara ya pili macho yangu yaliganda kwenye kibahasha cha dawa. Kwa hiyo nitakujibu ulichouliza, maana ni swali zuri na watu wengi wa hapa Mwanza wananiuliza hilo hilo, kisha tutarudi kwenye kibahasha.

Tumezoea kuyafikiria mapafu kama chumba cha pembeni: yakiugua yanaugua peke yake, yakipona yamepona. Mwili haukujengwa hivyo. Mtu akiwa amekaa tu, moyo wake husukuma takribani lita tano za damu kila dakika, na damu hiyo yote, upande wa kulia wa moyo huipeleka kwanza mapafuni kabla upande wa kushoto haujaigawa mwilini. Yote, si sehemu yake. Mapafu ndiyo mwalo wa mwili. Kila mtumbwi lazima utie nanga pale, upakie, ndipo uende visiwani. Sasa mwalo ukishika moto, niambie kisiwa gani hakitapata moshi.

Na pale mwaloni penyewe, kinachotenganisha hewa na damu ni ukuta ambao unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Lazima uwe mwembamba hivyo ili oksijeni ipenye. Kirusi kinapoingia kwenye seli za ukuta huo, kinajizalisha humo mpaka seli inakufa. Ukuta unavuja, maji yanaingia kwenye vifuko vya hewa, na mgonjwa anaanza kuhema. Ndipo mumeo alipowekewa oksijeni.

Askari wa kinga wanafika. Wanapofika hawanyamazi: wanamwaga kemikali za kuitana, ziitwazo saitokini. Kemikali hizi haziishii kifuani, zinapakiwa kwenye damu ile ile. Zikifika kwenye ubongo, homa inapanda. Zikifika kwenye ini, ini linapunguza baadhi ya kazi zake na kutengeneza kwa wingi protini za kugandisha damu. Kwenye misuli zinaleta yale maumivu ya mwili mzima ambayo watu husema "nimepigwa." Kwa kiasi, hiyo ndiyo tiba ya mwili wenyewe. Zikizidi, zinachoma mwenyeji pamoja na mgeni. Huo ndio moshi ninaousema, na kwa maoni yangu ndio unaoumiza viungo vingi kuliko kirusi chenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu tunaweza kulinganisha. Kirusi cha korona kina miiba ambayo ni kama ndoano: hunasa pale tu penye protini iitwayo ACE2. Protini hiyo ipo puani na mapafuni, lakini ipo pia kwenye utumbo, figo, moyo na mishipa ya damu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa korona waliharisha kabla hata ya kukohoa. Kwa hiyo kirusi hiki kikipata nafasi kinaweza kufika kwingine kwa miguu yake. Lakini mafua ya influenza ni tofauti. Kirusi chake kwa kawaida hakitoki kwenye njia ya hewa. Hata hivyo, utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa ana influenza, uwezekano wa kupata shambulio la moyo unapanda takribani mara sita. Kirusi kiko puani na kifuani, moyo ndio unaoanguka. Moshi huo.

Surua ni mfano wa upande wa pili. Huingia kwa pumzi kama mafua, kisha hutembea mwili mzima na kufuta hata kumbukumbu ya kinga ya mtoto dhidi ya magonjwa aliyokwisha kuyashinda. Bibi zetu waliomchunga mtoto wa surua kwa miezi baada ya vipele kuisha walikuwa wanajua jambo.

Tuje kwenye mishipa. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando laini, kazi yake kuhakikisha damu inateleza. Ukichomwa na moshi unakwaruka na kunata, na damu ambayo tayari imejazwa protini za kuganda inaganda. Donge dogo likikaa kwenye figo, sehemu ya figo inakosa damu. Likikaa kichwani ni kiharusi. Likitoka mguuni likapanda mapafuni, mtu anaweza kuanguka akiwa anaoga. Hatari hii haiishi siku ya kuruhusiwa wodini: utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2022 uliona madonge ya miguuni yakiendelea kuwa mengi kuliko kawaida mpaka miezi mitatu baada ya korona, na ya mapafuni mpaka miezi sita. Mumeo bado yuko ndani ya hiyo miezi sita. Likumbuke hilo tutakapofika kwenye miguu.

Figo zina balaa lao. Hizi mbili ndogo zinachukua karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku zinachuja kama lita 180 ili mwishoni zitoe lita moja au mbili za mkojo. Kiungo chenye kazi kubwa namna hiyo hakivumilii njaa ya damu. Mgonjwa wa homa anatoka jasho, hanywi, presha inashuka, oksijeni ni ndogo. Figo zinakuwa za kwanza kuumia na za mwisho kusema. Haziumi. Hazikohoi. Zinakuja kuonekana kwenye karatasi tu, kama hiyo 148 yenu ya kreatinini, taka ambayo figo ndizo huitoa kwenye damu. Habari njema ni kwamba figo iliyoumia namna hii mara nyingi hujirudi, na kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa figo. Tunataka tuone tatizo limeendelea kwa miezi mitatu na zaidi.

Kwa ubongo sina haja ya kukaa sana. Siku sita za oksijeni ndogo, moshi, usingizi mbovu, vyote humwacha mtu na ukungu kichwani kwa wiki au miezi. Anasahau jina, anapoteza hesabu katikati. Usimcheke na usimwache afikiri anakuwa mjinga. Kwa sasa wewe au kijana wenu mkae naye wakati wa kuhesabu, na ndoo ziandikwe kwenye daftari moja baada ya nyingine, si kichwani.

Nimalizane na maneno ya ndugu. "Virusi vimebaki kwenye damu, asafishwe." Ni kweli watafiti wamekuta mabaki ya kirusi kwenye viungo vya baadhi ya watu miezi mingi baada ya kuugua, na uchunguzi unaendelea. Lakini hakuna dripu wala chupa ya mizizi inayosafisha damu. Wasafishaji wa damu ni figo na ini, na wewe umeniambia figo zimeshaguswa; ukimpa chupa ya dawa isiyojulikana, unampa mgonjwa mzigo wa kubeba mgonjwa mwenzake. Kujifukiza pia hakufiki huko. Mvuke wa mchaichai unafungua pua, basi, na nimeona watu wazima wameungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka.

Kuhusu chanjo sitakuficha: zipo chanjo za korona ambazo kwa nadra sana zilileta uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, au damu kuganda. Lakini mambo hayo yalitokea ndani ya siku au wiki chache baada ya sindano, si miaka baadaye, na korona yenyewe huumiza moyo mara nyingi zaidi. Hapa kwetu uchanjaji ulianza Julai 2021. Sioni namna sindano ya zamani ingoje mpaka mwezi wa sita mwaka huu.

Kufanyiwa jambo? Anayetaka kumwombea amwombee. Ila mtu mwenye sukari 11.4 kuamka mara tano usiku kukojoa kuna sababu isiyohitaji jirani: sukari ikizidi kwenye damu inamwagikia kwenye mkojo, na inatoka na maji.

Sasa kibahasha.

Dexa ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Niitendee haki kwanza, kwa sababu pengine ndiyo iliyomtoa mumeo wodini. Mwaka 2020 jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilionyesha kuwa kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, dawa hii ilipunguza vifo kwa theluthi moja, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, kwa moja ya tano. Ilifanya hivyo kwa kuzima moshi. Lakini jaribio lile lile lilionyesha kwamba wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Na dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku kumi. Siku kumi, dada. Mumeo amefikisha mwezi wa nne.

Tazama orodha yako tena ukijua hivyo. Steroidi inaliamuru ini limwage sukari na kuufanya mwili usiisikie insulini, homoni inayoshusha sukari: sukari inapanda. Inapandisha presha. Inaleta njaa, ndiyo hiyo "hamu ya kula" mliyoifurahia. Wapo wanaoinunua makusudi wanenepe. Inavuruga usingizi na umakini. Inakula misuli ya mapaja, kwa hiyo mtu anashindwa kupanda mlima kabla hata moyo haujachoka. Jaribu hili jioni ya leo: mkalishe kwenye kigoda kifupi, mwambie asimame bila kushika magoti wala ukuta. Akishindwa, au akijisukuma kwa mikono, mwangalie na uso, kama mashavu yameumuka kuliko picha za mwaka jana. Hizo ni alama ambazo daktari atapenda kuzisikia kutoka kwako.

Diklofenaki nayo ina sehemu yake. Figo iliyobanwa hujitetea kwa kemikali zinazopanua mshipa unaoiletea damu. Diklofenaki inazizuia kemikali hizo hizo, kwa sababu ndizo pia zinazoleta maumivu. Maumivu yanapungua, damu ya figo inapungua nayo. Halafu inauzuia mwili kutoa chumvi na maji: presha inapanda, miguu inajaa. Kwa maumivu atumie paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, asizidishe mara nne kwa siku.

Na kwa nini asiiache Dexa ghafla? Juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia, inatengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ile inayotupa nguvu ya kuamka na kuhimili homa au ajali. Mtu akimezeshwa steroidi ya dukani kwa miezi, tezi hizi zinalala. Ukikata dawa siku moja, mwili unabaki hauna ya duka wala ya kwake: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, na akipata malaria siku hiyo anaweza kufa. Inapunguzwa kwa ngazi, wiki hadi wiki, daktari akiangalia sukari na presha. Ngazi zenyewe sitaziandika hapa, kwa sababu zinategemea kila kidonge kina miligramu ngapi na tezi zake zimelala kiasi gani.

Utaniuliza basi: ni korona au ni vidonge? Kwa barua siwezi kuvitenganisha, na sitaki kujifanya. Nadhani vyote viwili vimo, na huenda kuna wa tatu. Wanaume wengi wa pwani hii hawajawahi kuvaa mkanda wa presha mpaka siku wameanguka. Inawezekana sukari au presha ilikuwepo kimya kabla ya mwezi wa sita, ugonjwa ukaipasua tu, na ni kweli pia kwamba baada ya korona watu wapya wenye kisukari wameonekana kuongezeka. Kwa hiyo tafuta ile karatasi ya kuruhusiwa. Kama imeandikwa sukari na kreatinini za siku ya kwanza wodini, thamani yake ni kubwa kuliko kipimo chochote kipya mtakacholipia.

Mpeleke wiki hii, msingoje mwisho wa mwezi. Kama fedha ni ya kubana, anzeni na vya bei nafuu: presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, sukari, kijiti cha mkojo kuona kama kuna protini au damu, kreatinini pamoja na potasiamu, na kipimo cha umeme wa moyo. Oksijeni ya kidoleni ipimwe mara mbili, akiwa amekaa, kisha baada ya kutembea dakika kadhaa. Ikishuka akitembea, hiyo ni habari. Eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo itakayosema kama msuli wa moyo umelegea au upande wa kulia unasukuma kwa shida. Kituo cha afya kitaanza, lakini kwa mumeo mimi ningeomba rufaa mapema kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, akaonwe na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo mwenzangu wa Dar es Salaam huenda asiyakumbuke haraka. Mtu anayeshinda majini Ukerewe apimwe kichocho. Kile cha tumbo kinaharibu ini taratibu, na kwa baadhi ya watu kinapandisha presha ya mishipa ya mapafu, ambayo huleta hii hii pumzi fupi na miguu kuvimba. La pili ni kifua kikuu. Steroidi ya miezi minne inaiweka kinga usingizini, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Akianza tena kukohoa, kukonda au kutoka jasho usiku, apimwe makohozi. Matibabu yake ni bure nchini. Na tafadhali, kila uchovu usigeuzwe "taifodi" ukatibiwa kwa sindano za wiki mbili.

Miguu. Jioni, kabla hajaoga, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, hesabu taratibu hadi kumi, uachie. Shimo likibaki, kuna maji. Likiwa miguu yote miwili sawasawa, tunafikiria moyo, figo, diklofenaki. Ukiwa umevimba mmoja kuliko mwenzake, nyuma ya ugoko panauma au pana joto, hilo ni donge la damu mpaka lithibitike vinginevyo, na ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Msiuchue. Nimeona miguu ya namna hiyo ikikandwa na mafuta ya moto mpaka donge likahama.

Safari ya usiku huo huo ni kwa haya pia: maumivu ya kifua yanayobana, kushindwa kulala chali kwa pumzi, kukohoa damu, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, kuchanganyikiwa, mkojo kukatika, kutapika mfululizo na kulegea, au mashine ya sukari kuandika "HI" (imezidi uwezo wake wa kupima) badala ya namba. Kama yuko kisiwani likitokea lolote kati ya hayo, asisubiri kumaliza mzigo. Na mpaka aonwe, ningependa safari za visiwani zifanywe na mtu mwingine.

Vipimo vikirudi na moyo ukawa salama, bado anaweza kubaki mchovu. Shirika la Afya Duniani lina jina la hali hiyo, dalili zinazoendelea baada ya korona: kwa kawaida zinahesabiwa kuanzia miezi mitatu baada ya kuugua, zikiwa zimedumu angalau miezi miwili bila sababu nyingine. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu wapo wanaopewa jina hilo kabla mtu hajapima hata sukari. Kama ndiyo hali yake, hakuna kidonge kimoja cha kuiondoa. Kuna kupanga nguvu. Ule mlima wa Bugarika aupande kwa vituo alivyovichagua mwenyewe kabla hajachoka, akae juu ya jiwe dakika mbili, aendelee. Akiona siku ya pili baada ya kazi analala hoi, ina maana jana alizidisha, apunguze; tusimlazimishe "mazoezi ya kurudisha nguvu." Akiona siku ya pili yuko sawa, aongeze kidogo. Wengi ninaowaona wanapata nafuu mwaka unavyokwenda, ila haiji kwa mstari ulionyooka, na wengine wanachukua muda mrefu zaidi.

Kile kibahasha msikitupe. Kiweke kwenye mfuko pamoja na karatasi ya wodini na vipimo vyenu, na vidonge viwili vitatu vibaki ndani. Daktari akikuuliza "anatumia dawa gani," usimjibu "vidonge vidogo vyeupe." Mwekee mezani.